Jumapili Jikoni kwa Bibi: Redio Iliyonifungua Masikio Uingereza

Mtihani wa Kiingereza nilifaulu nikiwa Dar es Salaam, tena kwa alama za kuringia. Naanza na hilo makusudi, maana wengi tuliojiandaa kuja huku kulea wazee, kazi ambayo wenyewe tunaiita kea, tulidhani cheti kikishatoka basi lugha imekwisha. Nilifika Novemba 2022, nikapelekwa kijiji kimoja cha Worcestershire kuishi na bibi wa miaka themanini na sita mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kujifunga. Jioni ya kwanza akaniuliza kitu mara tatu, na mara zote tatu nikamjibu ndiyo. Kumbe alikuwa anauliza nataka chumba cha mbele au cha nyuma.

Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma. Macho yalikijua, masikio hayana habari. Mwalimu wetu Tanga alilitamka kila neno likasimama peke yake. Huku maneno yanakuja yameshikana, nusu yamemezwa. Na bibi, kwa ule ugonjwa, sauti ilikuwa imefifia, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Siku za mwanzo nilikuwa nachungulia midomo yake hadi akanigeuzia uso.

Halafu lile la jina. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kavukavu. Mtu sawa na nyanya yangu! Ulimi ulikataa. Siku ya tatu nikamweleza kwetu mtu wa umri wake anaitwa Bibi, akalijaribu neno mdomoni, akasema limempendeza. Tangu hapo nikawa namwita Bibi.

Redio yake ilikaa dirishani jikoni, kati ya kopo la maua na chupa ya sabuni ya vyombo. Antena ilifungwa utepe mweusi pale ilipovunjika. Kitufe cha sauti kilikuwa na alama za unga ambazo hazikutoka hata nikisugua, za miaka ile alipokuwa anaoka mwenyewe. Stesheni ilikuwa moja tu, Radio 4 ya BBC, idhaa ya maneno: habari, michezo ya kuigiza, mijadala, vichekesho, dini, mashairi, bustani, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Muziki ni wa kuonja. Sisi tuliozoea redio ya mpira, taarabu na salamu, ukisikia watu wanaongea tu mfululizo unasubiri lini watanyamaza wimbo upigwe.

Jumapili ya kwanza nilimkuta Bibi kitini jikoni, macho kafumba, mikono mapajani. Nikajua kapitiwa na usingizi. Ilikuwa saa nne na dakika chache (saa zote humu nahesabu zetu). Nikasema hapa ndipo pa kufanya usafi. Nikawasha mashine ya kufyonza vumbi.

Macho yalifunguka. Sijawahi kuangaliwa vile. Alisema maneno mengi, mimi nikaambulia moja tu, lile la baadaye. Nikazima mashine, nikasimama ukutani kama niliyevunja sahani. Nyumbani nilikua na baba mvuvi ambaye ikifika saa ya Dira ya Dunia ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, hakuna ruhusa ya hata kukohoa. Ilikuwaje nikasahau kwamba mtu anaweza kusikiliza redio kwa mwili mzima?

Alikuwa anasikiliza The Archers. Ni igizo la redio linaloendelea tangu tarehe 1 Januari 1951, maisha ya wakulima na majirani wa kijiji kiitwacho Ambridge. Vita vilikuwa vimeisha miaka michache tu, chakula bado cha mgawo, na serikali ilitaka wakulima wapate maarifa ya kuzalisha zaidi. Ushauri ukapitishwa ndani ya hadithi. Vipindi vya wiki nzima hurushwa tena kwa pamoja Jumapili, saa nzima na robo. Wakati ule kilianza saa nne asubuhi. Mwaka 2024 walipopangua ratiba wakakisogeza hadi saa tano, na Bibi alilalamika kama aliyehamishiwa msikiti. (Nasema msikiti kwa sababu ndiyo mfano wangu mimi, yeye ni wa kanisa.)

Sasa sikia ujinga wangu. Mimi sikujua ni igizo. Nilisikia ng'ombe, milango, vikombe vikigongana, watu wakibishana juu ya shamba na kukatana maneno, nikadhani kuna mwandishi amekwenda kijijini na kinasa sauti. Wiki ya nne, siku yangu ya mapumziko, nikiwa kituoni Worcester, nikamuuliza dereva basi la Ambridge ni namba ngapi. Alinitazama. Akamgeukia abiria wa mbele, mama mtu mzima, akamrudia swali langu. Mama yule alicheka hadi akashika nguzo, kisha akanishika mkono akanieleza polepole: Ambridge haipo, lakini kuna kijiji hapa mkoani kinaitwa Inkberrow, na baa yao ya Old Bull inasemekana ndiyo iliyowapa watunzi wazo la baa ya kwenye hadithi. Nilirudi nyumbani uso unawaka. Nilipomsimulia Bibi, kicheko chake kilitoka kwa sauti kubwa kuliko neno lolote nililowahi kusikia kwake. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yakafunguka. Kwa hiyo aibu yenyewe sikuijutia sana.

Makosa ya kujifunza nayo yalikuwepo. Nilichukua daftari nikaamua Jumapili nzima niandike kila neno nisilolijua. Hadi jioni maneno sitini na kitu, kichwa kinagonga. Jumatano nikajipima, sikumbuki hata matano. Wiki ya pili vilevile. Nikaanza kujichukia, nikazima redio chumbani, nikawa narudi kwenye video za Bongo usiku kucha. Wengi hapa huku ndipo wanapokwama: mchana unabeba boksi, usiku unajifungia na lugha yako, mwaka unapita masikio bado ya uwanja wa ndege.

Bibi ndiye aliyenipa dawa. Akasema usiwafuate wote, mfuate mmoja. Saa 2:48 asubuhi kuna kipindi cha dakika kama kumi, A Point of View, mtu mmoja anasoma maoni yake aliyoyaandika. Hakuna wa kumkata kauli, hakuna kucheka kwa pamoja, ni sauti moja yenye mwanzo na mwisho. Nikawa nakisikiliza na Bibi Jumapili, kisha katikati ya wiki nakirudia kwenye programu ya BBC Sounds, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi nione neno lilipomeziwa. Wiki nzima kipindi kimoja. Mwezi wa pili nikaanza kusikia mwisho wa maneno, zile herufi ndogo zinazobeba maana. Anayeanza namwambia aache kabisa kipindi cha saa tatu, Broadcasting House, ambapo watu watatu wanachambua magazeti ya Jumapili huku wanataniana. Kile ni cha mwaka wa pili.

Na vichekesho vya saa sita mchana ni vya mwaka wa tatu. Kuna kimoja kinaitwa I'm Sorry I Haven't a Clue, kipo tangu 1972, na ndani yake mna mchezo wa Mornington Crescent. Wachezaji wanataja vituo vya London kwa zamu, wanapongezana, wanapinga hatua za wenzao kwa kunukuu kanuni nzito, na atakayetaja kituo cha Mornington Crescent kwanza ndiye mshindi. Nilipakua ramani ya treni za chini ya ardhi nikaketi na penseli kutafuta kanuni. Jioni nzima. Bibi aliniacha. Kesho yake ndipo akasema hakuna kanuni hata moja, mzaha wenyewe ndio huo. Waingereza wanakudanganya uso mkavu, sauti ile ile ya kusomea taarifa ya habari, na hiyo ni lugha ndani ya lugha ambayo mtihani wa viza hauigusi. Usiponoa sikio kwa hilo, kazini utaambiwa jambo la utani ukalifanya kweli, au la kweli ukalicheka.

Lakini kosa kubwa halikuwa la kuchekesha.

Huku mara mbili kwa mwaka saa zinabadilishwa: Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogezwa mbele saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba zinarudishwa. Nilikuwa nimesikia, kama unavyosikia habari za jirani. Jumapili ya tarehe 26 Machi 2023 niliamka kwa saa ya mezani, ile ya betri. Simu ilikuwa inachajiwa jikoni. Dawa za Bibi za asubuhi ni saa moja kamili, na dawa za Parkinson hazitaki mzaha na muda. Ikichelewa, mwili unajifunga. Nikampelekea saa moja, kwa saa yangu. Nikashangaa mkono umeshaanza kutetemeka kupita kawaida, na miguu imegoma, kama imegundishwa sakafuni. Chai ikamwagika shukani. Nikadhani amelala vibaya.

Nikashuka jikoni nikawasha redio, saa yangu inasema moja na dakika kumi. Muda huo ni wa kipindi cha Sunday, habari za dini mbalimbali, mtangazaji anahoji watu. Badala yake naisikia kwaya. Kwaya ni ya Sunday Worship, ibada ya kanisani, na ibada inaanza saa mbili na dakika kumi. Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Nikasema hawa leo wamekosea. Nikaitazama simu.

Sikuwa na pa kuficha. Nikaandika kwenye daftari la dawa kwamba dozi imechelewa saa nzima na kwa nini, nikapiga simu kwa wakala wa kazi, nikampigia binti yake. Binti alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Wakala walinirudisha kwenye mafunzo ya dawa. Bibi alishinda kitini hadi alasiri ndipo mwili ukaachia. Hakunilaumu kwa neno, na hilo lilinichoma zaidi. Aliyeko kwenye kazi hii anisikilize: Jumamosi ya kuamkia siku hiyo badilisha saa zote za nyumba kabla ya kulala, na asubuhi washa redio kabla hujagusa kisanduku cha dawa. Kila saa kamili Radio 4 kawaida inapiga milio sita mifupi, ya mwisho imevutwa kidogo, ipo tangu 1924. Kwangu sasa ule mlio wa mwisho ndiyo saa, za ukutani ni mapambo.

Pesa nazo nilizipoteza kijinga. Wiki zangu za mapumziko nilikuwa napanga chumba Worcester, cha chini kabisa ya nyumba, nusu ndani ya ardhi. Nikanunua redio ya dijitali kwa pauni arobaini na tano ili Jumapili isinipite. Haikushika kitu. Boksi nilishalitupa, na duka wakakataa kuirudisha. Nunua yenye FM pia, na ijaribu palepale utakapoiweka kabla hujachana chochote. Kisha ikaja barua ya ada ya leseni ya televisheni, ina wino mwekundu, nikaogopa kuharibu viza yangu nikalipa yote, pauni 159 za wakati ule. Televisheni sina, na wala huwa sitazami kwa simu! Leseni ya redio ilifutwa nchi hii mwaka 1971. Kama unasikiliza redio tu hudaiwi senti. Jibu barua useme huna haja ya leseni. Nilijua hayo mwaka wa pili, kutoka kwa Mkenya mmoja tuliyekutana foleni ya benki.

Alfajiri za Jumapili zilikuwa zangu peke yangu. Majira ya baridi jua linachelewa, hata wakati wa Swala ya Alfajiri unaingia saa kumi na mbili imeshapita, nami nimeshaamka kwa mazoea. Saa 11:43 wanarusha kengele za kanisa, kila wiki kanisa jingine. Hazipigwi kwa wimbo; zinapishana kwa mpangilio wa hesabu, kila mzunguko kengele zinabadilishana nafasi. Nilikuwa nasikiliza sauti ya chini nikiwa na mtandio wangu, nasubiri wakati uingie. Sikuona ubaya, na sitaomba radhi.

Mchana saa nane ni Gardeners' Question Time. Hiki kilianza 1947 na mpaka leo wataalamu wa bustani wanazunguka kumbi za miji na vijiji, wenyeji wanasimama na maswali: konokono wasio na gamba wanaomaliza majani, mawaridi yenye madoa meusi. Siku moja mtu akauliza aufunike vipi mgomba wake baridi isiuue. Mgomba! Nikaacha sufuria. Wakajibu kwa makini yote, uzungushie nyasi kavu, uuzungushie wavu, juu uzuie mvua. Nikamwambia Bibi kwetu mgomba hata ukiukata unakuja kukusalimia asubuhi. Akataka kujua mengine, tunapikaje, majani tunafanyia nini, na kwa mara ya kwanza nikajikuta mimi ndiye ninayeeleza na yeye ndiye anayesema rudia. Kuongea kwangu kulianzia pale, kwenye kitu ninachokijua kuliko wao.

Baada ya hapo alianza kunitesa na Desert Island Discs. Kipindi ni cha 1942: mgeni anaambiwa ametupwa kisiwani peke yake, achague rekodi nane, kitabu kimoja juu ya Biblia na Shakespeare anavyopewa, na kitu kimoja cha anasa. Kila Jumapili kikiisha Bibi ananiuliza mimi. Kitabu kitakatifu nilisema nabadilishiwa Msahafu, akakubali, maana hata redioni wanaruhusu. Kitu cha anasa nikasema mbuzi. Kama kisiwa kina minazi nitakula vipi bila mbuzi? Ila kwa Kiingereza nilichokuwa nacho nikamtajia mnyama, mbuzi wa nazi. Akatikisa kichwa: chenye uhai hakiruhusiwi. Nikasema hana uhai, ni wa mbao. Akanyamaza kidogo. Nikasema ana meno ya chuma na unamkalia. Uso wa Bibi wakati ule natamani ningeupiga picha. Nilipomaliza kueleza kwa mikono, tumekaa sakafuni mimi nikikuna hewa, akatoa hukumu: bado hairuhusiwi, kwa sababu ina kazi. Kitu cha anasa hakitakiwi kukusaidia chochote.

Jioni saa 11:54 tunafunga na taarifa ya bahari. Hii ndiyo ningempa mtu siku yake ya kwanza nchini. Maeneo 31 ya bahari yanatajwa kwa kufuatana kuzunguka visiwa hivi, Viking, Forties, Dogger, Humber, Thames, hadi Fair Isle na Faeroes, na kila eneo upepo unatoka wapi, nguvu namba ngapi, hali ya hewa, macho yanafika umbali gani. Maneno ni machache na yanajirudia, msomaji hana haraka. Wiki mbili unaweza kuiandika yote kwa imla. Mimi ilinikamata kwa sababu nyingine. Baba alikuwa akitoka mlangoni anataja upepo kabla ya salamu, kusi, matlai, umande, kisha ndiyo anaamua kama ngalawa inashuka. Nikawa namtafsiria Bibi, naye ananionyesha maeneo kwenye atlasi ya zamani. Aliniambia FitzRoy, mojawapo ya maeneo hayo, ni jina la nahodha aliyeanzisha idara yao ya hali ya hewa, lilipachikwa mwaka 2002 mahali palipokuwa Finisterre, na kwamba yeye hajalizoea na hana mpango wa kulizoea. Usiku akikosa usingizi tunaisubiri ya saa 6:48. Mara nyingi hafiki eneo la Lundy.

Mwaka jana nilipata likizo nikaenda Tanga wiki nne. Kurudi nikafunga mbuzi ya nazi kwenye begi la mzigo, nimeuviringisha ule ulimi wa chuma kwa khanga mbili. (Usithubutu kuuweka begi la mkononi, ni kisu kile.) Uwanjani wakafungua begi, tukaelezana, nikapita.

Jumapili nikaikunjua jikoni mbele ya dirisha la redio. Bibi siku hizi haongei sana, sauti imeenda zaidi, inabidi uiname. Aliitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole akagusa meno ya chuma, taratibu, moja moja. Akaniashiria niiname.

"Hairuhusiwi," alisema.